Kimathi ameshika bunduki. Chakula kilishikwa na nani?

Ukitaka kukutana na msee tao, unamwambia "nipate hapo kwa Kimathi." Wote tunajua ile sanamu ya Kimathi Street: rasta, bunduki mkono mmoja, kisu mkono mwingine. Ilizinduliwa tarehe 18 Februari 2007, miaka 50 kamili tangu wakoloni wamnyonge pale Kamiti. Mimi naipenda. Lakini nimeanza kuona kwamba sanamu moja imetufanya tukumbuke vita nzima kama habari ya wanaume msituni. Kumbe kwa hesabu ya maiti, msitu haukuwa mahali pabaya zaidi.

Twende polepole. Hali ya Hatari, ile wazee wanaita Emajensi, ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Kwa karibu mwaka mmoja na nusu serikali ya kikoloni ilikuwa inafukuza Mau Mau kule Nyandarua na Mlima Kenya, na haikuwa inaenda mahali. Mbona? Kwa sababu jeshi la msituni halina duka. Unga, dawa, risasi, pesa, nguo, vijana wapya, vyote vilitoka kwa watu wa kawaida. Na sehemu kubwa ilitoka hapa Nairobi, kwa madereva wa teksi, wachuuzi, makarani, wafanyakazi wa nyumbani. Jenerali George Erskine, aliyekuwa amepewa hiyo vita, alielewa kitu kimoja: kama huwezi kumpata mtu msituni, shika anayempa chakula.

Hiyo mbinu si yeye aliyeianzisha. Mwaka 1864, kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe Marekani, Jenerali Sherman alipitisha jeshi lake Georgia yote akichoma maghala na kung'oa reli, ili upande wa Kusini ukose kula na ukose moyo. Waingereza nao walikuwa wameshafanya kitu kama hicho Afrika Kusini mwanzoni mwa karne ya 20. Walichoma mashamba ya Makaburu, wakafungia familia kambini, na zaidi ya wanawake na watoto 26,000 wa Makaburu wakafa humo. Waafrika nao walikufa kwa maelfu katika kambi zao, na hao ndio husahaulika. Kwa hivyo mwaka 1954 ulipofika, hakuna mtu London angesema hakujua kambi za raia huishaje.

Jumamosi, tarehe 24 Aprili 1954, kabla jua litoke, Nairobi ilizingirwa. Operesheni Anvil. Askari na polisi zaidi ya 20,000 walifunga barabara zote, kisha wakapita mtaa kwa mtaa, nyumba kwa nyumba. Haikuwa "nani amefanya nini". Ilikuwa "wewe ni kabila gani". Mkikuyu, Mwembu na Mmeru huku, wengine kule. Halafu unapitishwa mbele ya gakunia, mtu aliyevalishwa gunia lenye matundu mawili ya macho. Akitingisha kichwa, umeenda. Hujui ni nani. Anaweza kuwa jirani yako, anaweza kuwa msee mnayegombania kazi.

Wanaume zaidi ya 20,000 waliishia kizuizini. Walipitia kambi ya Langata, ndio, hiyo Langata yenu ya apatimenti, halafu Mackinnon Road na Manyani. Ukienda Mombasa kwa basi unapita zote mbili na pengine umelala. Wake na watoto wao wakapakiwa kwenye malori na treni, wakarudishwa "rizavu", hata wale waliozaliwa mjini na hawakuwa na shamba lolote huko. Vitu walivyoacha nyumbani viliporwa. Kazi zao zilichukuliwa na Wakamba, Waluo na Waluhya, na sioni haja ya kumlaumu aliyekuja kutafuta kazi. Lakini tukibishana leo nani ni mwenyeji wa mtaa gani hapa Nairobi, tukumbuke kuna wikendi moja serikali iliamua nani abaki kwa kuangalia kabila kwenye karatasi.

Sasa hiyo rizavu. Sisi wa upande wa magharibi, wa Kawangware, Kangemi, Riruta, Waithaka, Uthiru, huwa tunajiita watu wa Nairobi bila kufikiria. Hadi mipaka ya jiji iliposukumwa mwaka 1963, hii Dagoretti yote ilikuwa Kiambu, ilikuwa rizavu. Mji uliishia kwa Mzungu, na ukivuka unaingia kwa Mkikuyu. Kwa hivyo kilichofuata kilifanyika hapa tunapopandia mat.

Mnamo Juni 1954 serikali iliamua kwamba watu wa rizavu wasikae tena kwenye maboma yao, kila mtu kwa shamba lake. Wote wahamishwe vijijini. Kufikia mwisho wa 1955, zaidi ya watu milioni moja walikuwa wamesukumwa kwenye vijiji zaidi ya 800. Neno "kijiji" linadanganya. Gichagi cha Emajensi kilikuwa na mtaro uliojaa vijiti vilivyochongwa, ua wa seng'enge, na posti ya homu gadi inayowaangalia. Boma lako la zamani lilichomwa, mara nyingi na homu gadi huyo huyo, na nyumba mpya ulijijengea mwenyewe haraka. Kafyu. Ukionekana nje saa mbaya unaweza kupigwa risasi, na hakuna atakayeuliza maswali.

Na kwa kuwa wanaume wengi walikuwa kizuizini au msituni, vijiji vilikuwa vya wanawake, wazee na watoto. Wanawake ndio walichimba. Kando ya msitu wa Mlima Kenya walichimba mtaro wa maili 50 kwa jembe na mikono, kazi ya lazima bila malipo, ili chakula kisifike kwa wapiganaji. Mama anatoka asubuhi kuchimba, anarudi jioni, na muda anaopewa wa kwenda shambani ni mfupi. Ng'ombe na mbuzi wengi walikuwa wamechukuliwa kama adhabu. Sasa piga hesabu mwenyewe: mtoto wa miaka miwili, hakuna maziwa, hakuna mboga, nyumba imejaa watu, choo kiko karibu na maji.

Hesabu hiyo ilipigwa kweli. Kwa miaka watu walibishana kuhusu idadi ya waliokufa. Serikali ya kikoloni ilisema imeua Mau Mau kama 11,000. Mwanahistoria Caroline Elkins, kwenye kitabu chake cha 2005, akataja idadi inayoweza kufika 300,000, akakosolewa sana. Mwaka 2007 mtaalamu wa takwimu za watu, John Blacker, alichambua sensa za kabla na baada ya vita, akapata vifo vya ziada kama 50,000. Yaani alichagua namba ndogo kuliko ya Elkins. Lakini soma kilichofuata: karibu nusu ya hao walikuwa watoto wa chini ya miaka 10.

Hawakupigwa risasi, wengi wao. Walikufa kwa njaa na magonjwa. Kwangu mimi, hiyo ndiyo maana ya mbinu hii. Hakuna askari aliyehitaji kumlenga mtoto. Ilitosha kulenga sufuria.

Najua mtu atauliza, na Lari je? Ni swali halali. Usiku wa 26 Machi 1953, Mau Mau walivamia maboma ya familia za chifu na homu gadi kule Lari, wakachoma nyumba watu wakiwa ndani. Zaidi ya watu 70 waliuawa, wengi wanawake na watoto. Kisha homu gadi na askari wakalipiza na kuua wengi zaidi. Sitaki kuipamba. Hii haikuwa tu vita ya mweusi na mweupe. Ilikuwa pia vita ya wenyewe kwa wenyewe, ndugu mmoja ngati, mwingine msituni, mama yao kijijini akiogopa wote wawili. Raia Wazungu waliouawa kwenye Emajensi yote walikuwa 32. Hesabu ya Waafrika hamna mtu aliyejishughulisha kuiweka vizuri wakati huo.

Labda ndiyo sababu cucu wengi hawapendi kuongea. Aliyechoma nyumba yako alikuja kuwa jirani yako, na wakati wewe uko kizuizini mashamba yalipimwa upya, homu gadi wakapata kipande kizuri. Unaanzia wapi?

Kuna sanamu nyingine tao ambayo watu hawaiulizi. Iko Uhuru Park, ilizinduliwa Septemba 2015, baada ya Uingereza mwaka 2013 kukubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228 walioteswa. Inaonyesha mwanamke akimpa mpiganaji chakula. Hawaangaliani, ili akikamatwa mmoja asiweze kumtaja mwenzake. Hiyo ndiyo picha ya vita niliyoielewa mimi, kwa sababu operesheni zote hizi, kuanzia Anvil hadi mtaro wa mwisho, zilikuwa za kukata ule mkono.

Wazee wengine zaidi ya 40,000 walipeleka kesi yao London, yenye mambo ya vijiji na kazi ya lazima ndani yake. Mwaka 2018 jaji aliitupilia mbali. Muda mrefu sana umepita, alisema. Na hadi leo, Kiambu, Murang'a na Nyeri kuna familia bado zinaishi kwenye vile vijiji vya 1954, kwenye ploti ndogo ndogo, bila hati ya kumiliki ardhi.