Milimani (Kisumu)

Milimani ni mtaa wa makazi katika jiji la Kisumu, magharibi mwa Kenya, ulio kwenye mwinuko karibu na Ghuba ya Winam ya Ziwa Victoria. Ulianza kama makazi ya Wazungu katika Port Florence (Kisumu ya leo), mji uliokua baada ya reli kutoka Mombasa kufika ziwani Desemba 1901.

Serikali ya kikoloni iliugawa mji kirangi: Wazungu mwinukoni, Waasia karibu na maduka, Waafrika pembezoni. Hoja iliyotolewa ilikuwa afya, hasa hofu ya malaria na tauni. Daktari William J. Simpson, aliyezuru Afrika Mashariki mwaka 1913 na 1914, alipendekeza utengano huo kwa miji ya eneo zima. Waraka wa Devonshire wa serikali ya Uingereza wa 1923 uliacha sera hiyo, lakini bei ya viwanja na masharti ya ujenzi viliendeleza mipaka ileile.

Mtaa una sura ya vitongoji vya bustani vya Uingereza: viwanja vikubwa, ua wa mimea na barabara zenye miti. Veranda pana za nyumba za kikoloni zilitokana na ujenzi wa Waingereza nchini India.

Baada ya uhuru wa 1963, Wakenya wenye kipato walihamia humo, na sasa mtaa una pia hoteli na ofisi. Mitaa yenye jina hilo ipo pia Nairobi na Nakuru.