Damu ya Mapema: Habari ya Uchunguzi Mmoja wa Kericho

Nchi ya Kericho na Bomet huko Kenya, ambayo mgeni huitambua kwa miti ya chai iliyopogolewa ikawa sawasawa kilima baada ya kilima, haikupandwa chai kwa hiari ya Wakipsigis, wenyeji wake. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza serikali ya kikoloni iliwagawia ardhi yao maofisa wa Kiingereza waliolemaa vitani ili walime kitani, na kilimo hicho kilipofilisika katika muda wa miaka michache, kampuni za Brooke Bond na James Finlay zikaingia katikati ya miaka ya 1920, zikapanda chai, zikaajiri vibarua kutoka Nyanza, Gusii na Uluhya, zikawajengea kempu na baadaye hospitali. Ajabu ni kwamba mpango huo, uliokusudiwa faida ya majani chai tu, ulizaa pia hazina ya maarifa ya tiba, kwani watu maelfu walikaa pamoja na maradhi yao yakaandikwa daftarini mwaka hata mwaka. Na rekodi za malaria za hospitali ya kampuni, zilizohifadhiwa tangu miaka ya 1960, zimesomwa na wataalamu wa mbali wakijadiliana kama joto la dunia ndilo linalopandisha homa hiyo milimani.

Maradhi ya UKIMWI, ambayo Kenya iliyatambua mara ya kwanza mwaka 1984 na Rais Moi akayatangaza kuwa janga la taifa mwezi Novemba 1999, yaliikuta jamii hiyo ya kempu ikiwa wazi mno: wanaume mbali na wake zao, mshahara mwisho wa mwezi, na vilabu vya pombe karibu na lango. Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya (KEMRI) ikishirikiana na kituo cha jeshi la Marekani cha Walter Reed, kilichokuwapo Kenya tangu 1969 kwa ajili ya kuchunguza malale, ilifungua kituo Kericho; na mwaka 2003 watafiti waliwapima wakazi wa mashamba ya chai wapatao 2,800, wakakuta kwamba takriban 14 katika kila 100 walikuwa na virusi vya UKIMWI.

Siku hizo kipimo cha kingamwili kilimjibu mtu jambo moja tu, kwamba anavyo virusi au hana, bighairi ya kumwambia iwapo amebakiwa na miaka miwili au kumi na miwili. Elimu ya kulijibu swali la pili ilikuwa imekwisha kupatikana ng'ambo, pale Dakta John Mellors wa Pittsburgh na wenzake, katika mwaka 1996, walipopima damu ya wanaume 180 iliyokuwa imehifadhiwa kwa miaka mingi, wakathibitisha kwamba wingi wa virusi katika damu ya mwanzo ulitabiri nani angeugua na kufa upesi na nani angekawia. Lakini hata damu ya wanaume hao haikuwa ya mapema kabisa: siku za kwanza, kabla mwili haujatengeneza kingamwili, zilikuwa gizani, kwa sababu mtu haji hospitalini kwa maradhi asiyoyajua.

Ili kulifikia giza hilo, palianza mwaka 2009 uchunguzi ulioitwa RV217, katika vituo vya Kericho, Mbeya, Kampala na Thailand, na taratibu yake nastahabu kuieleza kwa urefu. Watu wazima wasio na virusi, ila maisha yao yakiwaweka katika hatari kubwa, wengi wao Afrika Mashariki wakiwa wanawake, walikuja mara mbili kila juma. Kidole kikatobolewa, likakamuliwa tone, na tone hilo likapimwa kwa mtambo usakao chembe za urithi za kirusi chenyewe, si kingamwili. Asubuhi hiyo mtu alirudi nyumbani akiwa mzima kama alivyokuja, na baada ya siku tatu au nne akatarajiwa tena. Watu 2,276 walifuatiliwa hivyo, 112 wakaambukizwa, na kati yao 50 walikuwa wametoa damu mara mbili au zaidi kabla kingamwili hazijaonekana.

Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2016, yalionyesha kwamba kwa kawaida virusi hufikia kilele siku ya 13 tangu vionekane mara ya kwanza, kiasi cha milioni tano katika mililita moja ya damu, kisha hushuka hadi kutua kwenye siku ya 31, aghalabu kwenye kiwango cha elfu ishirini na kitu. Na kwamba kadiri kilele kilivyokuwa juu ndivyo na kiwango cha kutulia kilivyokuwa juu. Mwezi mmoja, basi, watosha kuamua mwendo wa miaka. Nao wagonjwa wenyewe hawakuhisi ila dalili chache mno, aghalabu kabla ya kilele au wakati wake, hata anayengojea homa kali imzindue hungoja bure.

Wafanya uchunguzi husifiwa kwa mambo kama haya, na wanastahili. Lakini mimi naona haki kubwa zaidi ni ya wale waliokuja kutobolewa vidole wakiwa wazima, katika miaka ambayo mwongozo wa tiba haukuamuru dawa kwa kila aliyeambukizwa. Kliniki za Kericho, Kapkatet, Longisa na Tenwek, hospitali ya misheni iliyoasisiwa Bomet mwaka 1937, zilikuwa zikigawa dawa. Ila hesabu ya chembe za kinga za CD4 ndiyo iliyokuwa mlango, na Shirika la Afya Ulimwenguni lilipandisha kizingiti chake polepole: 200, kisha 350 mwaka 2010, kisha 500 mwaka 2013. Mwenye chembe nyingi aliambiwa asubiri, na kusubiri huko, kwa aliyekwisha kuonekana kuwa na virusi vingi tangu mwezi wa kwanza, kulikuwa ni kumwacha adhoofike huku hatima yake imejulikana.

Mlango huo uliondolewa mwaka 2015 na shirika hilo, na Kenya ikafuata mwaka 2016, dawa ikawa kwa kila aliyeambukizwa bila ya kujali hesabu. Kipimo cha wingi wa virusi hakikutupwa. Kilibadilishiwa kazi tu. Mchumaji chai anayetumia dawa leo hutolewa damu ili ijulikane kama virusi vimeshuka hata mashine haivioni, hali ambayo hawezi kumwambukiza mwenzake kwa kujamiiana. Na huko Kericho, katika uchunguzi mwingine ulioanza mwaka 2013, wagonjwa wamekuwa wakipimwa kila baada ya miezi sita, moyo wao, figo zao na afya ya akili yao, kwa kuwa sasa wanatarajiwa kuzeeka.