Mchanga wa Shela

Mgeni anayefika Lamu, nchini Kenya, huambiwa mapema kwamba asiondoke kabla ya kuuona ufuo wa Shela. Kutoka mji mkongwe hufuata njia ya pwani kwa miguu, mwendo wa kilomita 3 hivi, au hupanda mashua. Njiani atapishana na punda, si magari. Shela yenyewe ni mji mdogo wa nyumba za mawe ya matumbawe, na msikiti wake wa Ijumaa, uliojengwa mwaka 1829, una mnara mrefu uliochongoka. Nyumba zikiisha, mchanga huanza, nao hauishi upesi: ni yapata kilomita 12 za ufuo mweupe, na nyuma yake vimepangana vilima vya mchanga.

Katika Kiamu, lahaja ya kisiwa hiki, mchanga huitwa mtanga, na maji huitwa mai. Mwanafunzi na ayashike maneno hayo mawili, kwani habari yote ya Shela imo humo.

Mwanzoni mwa karne ya 19 Lamu ilibanwa na majirani wawili wenye nguvu. Upande wa kaskazini ilikuwako Pate, iliyozoea kuihesabu Lamu kuwa chini yake. Upande wa kusini ilikuwako Mombasa ya akina Mazrui, ambao walikuwa wamekataa kuwatii watawala wa Oman. Muyaka bin Haji, mshairi mashuhuri wa Mombasa, aliishi katika enzi hiyo na kuitetea Mombasa kwa tungo zake. Pate na Mombasa zikaungana, na yapata mwaka 1812 jeshi lao likashuka Shela. Mahali hapo hapakuchaguliwa kwa bahati tu. Shela imekaa penye mlango wa bahari unaoelekea Lamu, na aliyeishika aliweza kuufunga mji.

Waamu hawakungoja nyuma ya kuta zao. Walitoka, wakapigana mchangani, wakashinda. Wavamizi walipokimbilia vyombo vyao, bahari ilikuwa imekupwa na vyombo vimekwama. Masimulizi ya wenyeji hayachoki kulirudia jambo hili, na aliyekulia pwani anaelewa kwa nini: jahazi lililokalia mchanga haliondolewi kwa nguvu za watu wenye hofu, sharti lingoje maji yajae tena, na kungoja huko ni saa nyingi. Waliouawa ufuoni walikuwa wengi. Husimuliwa kwamba hata vizazi vya baadaye, upepo ulipouhamisha mchanga, mifupa yao ilionekana.

Hapa naomba mwanafunzi atulie kidogo. Sisi Watanzania tumezoea kuisoma habari ya Seyyid Said kuanzia Unguja, kana kwamba alitokea huko na karafuu zake tayari mkononi. Lakini mojawapo ya milango iliyomwingiza katika pwani hii ilifunguliwa na watu wa Lamu wenyewe. Baada ya vita waliogopa kisasi, wakapeleka ujumbe Oman kuomba ulinzi. Seyyid Said akawaletea liwali na askari, na ngome ya Lamu, ambayo ingali imesimama katikati ya mji, ikakamilika mwaka 1821. Pate ilififia. Mwaka 1824 akina Mazrui walikimbilia bendera ya Uingereza, lakini Waingereza wakaondoka mwaka 1826, na mwaka 1837 Mombasa ikaangukia mikononi mwa Seyyid Said. Hivyo Waamu walishinda vita, kisha wakaukabidhi ushindi wao kwa mtu wa mbali. Wako wanaowalaumu. Mimi sina haraka ya kufanya hivyo, kwani mji mdogo uliokwisha kumwaga damu ya majirani wawili wakubwa ungepata usingizi gani?

Mtanga ndio huo, sasa mai. Vilima vya Shela ni ghala la maji ya kunywa. Mvua ikinyesha juu yake haipiti kwenda baharini, bali huzama na kuchujwa na mchanga. Maji hayo matamu, kwa kuwa ni mepesi kuliko ya chumvi, hukaa juu ya maji ya bahari yaliyopenya chini ya ardhi. Visima vya Shela ndivyo vinavyounywesha mji wa Lamu. Vikichotwa kupita kiasi, chumvi hupanda. Juu yake zikijengwa nyumba na kuchimbwa vyoo, uchafu hufuata njia ileile ya mvua.

Kwa sababu hiyo vilima hivyo vimewekewa ulinzi wa serikali, na bado viwanja vyake vimegombewa kwa miaka mingi, maana ni nani asiyetaka hoteli inayotazama ufuo kama ule? Chini ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, huduma za maji ziko mikononi mwa serikali za kaunti, kwa hiyo mwananchi wa Lamu anajua aende kwa nani kuuliza. Kwetu Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufuo wa bahari. Ni sheria nzuri, ila Shela inatufundisha upungufu wake. Vilima vinavyohifadhi maji vinakwenda mbali zaidi ya mita hizo, na anayepima kwa kamba kuanzia ukingo wa bahari ataviacha nje vingi vyenye thamani.

Atakayekwenda Shela kwa miguu aulize kwanza saa za kupwa na kujaa. Bahari ikijaa, sehemu za njia ya pwani hufunikwa, na mgeni asiyeuliza hujikuta akitembea na viatu mkononi, maji yakimfika magotini.