Snay bin Amir: Tajiri wa Tabora Aliyependa Kusoma



Posa ikija, swali la "ana nini?" huwahi kuulizwa. Leo nawaletea habari za tajiri mmoja wa Tabora, zitusaidie kuuliza zaidi ya hapo.

Snay bin Amir Al-Harthy alianza maisha Maskati akitengeneza vitu vitamu. Akavuka bahari, akapanda bara kufuata pembe za ndovu, na ndani ya miaka 16 akawa miongoni mwa matajiri wakubwa wa Kazeh, mji ambao leo umo ndani ya Tabora.

Tarehe 7 Novemba 1857 waliingia Kazeh Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, wamechoka kwa safari ya siku 134 kutoka pwani. Snay aliwakirimu kwa mbuzi na mchele, akawahifadhia mizigo, akawatafutia wapagazi. Jioni alikuja kuzungumza nao. Burton, aliyekijua Kiarabu na hakuwa mwepesi wa kusifu, aliandika kwamba Snay amesoma sana, ana kumbukumbu ya ajabu, na anasoma ili ajiongezee maarifa, si kwa kujiburudisha tu. Na zama hizo hakukuwa na gari wala reli. Kila cha pwani, kitabu nacho, kilifika Tabora kwa bega la mpagazi.

Elimu yake hakuifungia sandukuni. Alimsaidia Burton kukusanya maneno ya lugha za bara. Aliwaeleza pia kuwa kaskazini kuna ziwa kubwa kuliko Tanganyika. Speke akafuata maelezo hayo, Agosti 1858 akaliona, akalipa jina la malkia wake, Victoria. Aliyempa habari wachache wanamjua.

Lakini tusifiche jambo. Utajiri ule ulitoka kwenye pembe na kwenye biashara ya watumwa, wake kwa waume waliotolewa makwao kwa nguvu. Mkono uliokirimu wageni ndio uliouza watu. Mwaka 1861 Snay aliuawa katika vita baina ya wafanyabiashara Waarabu na Manwa Sera, mtawala wa Unyanyembe, aliyetaka kuwatoza ushuru.

Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa Siku ya Kiyama mja ataulizwa elimu yake aliifanyia nini, na mali yake aliichuma wapi na akaitumia katika nini. Mali ina maswali mawili, na ukarimu hujibu moja tu.

Basi bi harusi mtarajiwa, ukisifiwa mtu kwa usomi na mkono wazi, furahi, ni sifa njema. Kisha mwambie walii wako akuulizie kwa upole: chumo lake linatoka wapi? Chakula cha ndoa yako kitatoka huko huko.

Allah atujaalie riziki ya halali na elimu yenye manufaa. Amin.