Askari Mgeni wa Pangani na Wajukuu Zake

Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Lakini wako wageni waliokuja na bunduki, na mwenyeji hakupona. Napenda kukueleza, ndugu msomaji, habari za mgeni mmoja wa namna hiyo, ambaye uzao wake umeingia katika historia ya nchi yetu hata hauwezi kutenganishwa nayo.

Ukilisikia jina la Sykes utadhani mwenyewe ni Mwingereza. Sivyo. Sykes Mbuwane alikuwa Mzulu aliyetoka Inhambane, katika Msumbiji ya leo. Mwaka 1888 watu wa pwani, miongoni mwa viongozi wao akiwa Abushiri bin Salim, waliinuka kuipinga kampuni ya Wajerumani iliyotaka kutwaa miji yao na ushuru wa forodha. Ujerumani ikamtuma Hermann von Wissmann awakomeshe. Huyu hakutegemea askari wa Kizungu. Aliajiri Wasudani kutoka Misri na Wazulu kutoka Inhambane. Faida yake ilikuwa wazi: askari asiye na mjomba wala shemeji Pangani au Bagamoyo hatasita kufyatua risasi. Desemba 1889 Abushiri alinyongwa Pangani.

Mbuwane hakurudi kwao. Mwaka 1894 alipata mtoto wa kiume, naye alizaliwa papo hapo Pangani, akaitwa Kleist, jina la Kijerumani. Baba mwenyewe alipelekwa kupigana na Mtwa Mkwawa, na wakati wa kurudi akafa maji mtoni. Sisi wakazi wa Goba, tukienda mjini, kambi ya Lugalo haiko mbali na njia yetu. Jina hilo ni la mahali kule Uhehe ambapo mashujaa wa Mkwawa waliwashinda Wajerumani tarehe 17 Agosti 1891. Mbuwane alikuwa upande wa pili wa vita hivyo.

Yatima Kleist alilelewa na Effendi Plantan, mkubwa wa askari wa Kizulu. Alipokua naye akawa askari, akapigana chini ya von Lettow-Vorbeck katika Vita Kuu ya Kwanza. Mwingereza alipoitwaa nchi, Kleist alifanya kazi katika reli, na mwaka 1929 alikuwa mmoja wa waasisi wa African Association mjini Dar es Salaam, akiwa katibu wake. Wanawe Abdulwahid na Ally walipelekwa Burma na jeshi la KAR katika Vita vya Pili. Waliporudi waliingia katika chama cha baba yao. Mwaka 1953 Abdulwahid alishindana na Mwalimu Nyerere kwa uongozi wa chama hicho, Nyerere akashinda, nao wakaendelea kufanya kazi pamoja. Tarehe 7 Julai 1954 chama hicho kikawa TANU. Ally alikuwa na kadi namba 2, Abdulwahid namba 3.

Nilipokuwa nikifundisha somo la historia chuo cha ualimu, mwanachuo mmoja aliniuliza: "Mwalimu, Abushiri tunamwita shujaa, na wajukuu wa Mbuwane tunawaita wapigania uhuru. Huyu Mbuwane mwenyewe tumwiteje?"

Nilimjibu: mwite askari wa kukodiwa, kwa kuwa ndivyo alivyokuwa. Usimsafishe kwa sifa za wajukuu wake, na wala usiwadai wajukuu deni la babu yao. Mtu hachagui tumbo la kuzaliwa, ila huchagua la kufanya akiisha kuzaliwa. Tena mgeni yule, aliyekodiwa kwa sababu hakuwa na ndugu hapa, aliacha mtoto hapa, na ndipo nchi hii ikawa ya ukoo wake. Hilo Wissmann hakulitia katika hesabu.

Jambo hili si la ukoo mmoja. Vita vya Maji Maji, mwaka 1905 hadi 1907, vilizimwa kwa kutumia askari weusi kwa wingi. Askari hao nao walioa, wakazaa, na uzao wao umo miongoni mwetu. Katika ukoo wangu yuko babu wa baba yangu aliyevaa sare ya Mjerumani. Tulipokuwa watoto, wazee walipohesabu majina kwenye matanga, jina lake lilirukwa. Hakuna aliyetuambia sababu, nasi tulikatazwa kuuliza.

Habari za akina Sykes tunazijua kwa sababu Kleist, kabla ya kufariki mwaka 1949, aliandika habari za maisha yake. Mjukuu wake, Daisy Sykes, alizitumia kuandika sura katika kitabu kilichotoka mwaka 1973. Hawakuficha kwamba mzee wao alikuja kumpigania Mjerumani. Na kwa kuwa hawakuficha, tunaiona safari nzima, kutoka kwenye kitanzi cha Pangani mpaka kwenye kadi za TANU.

Mimi nami nimenunua daftari. Katika ukurasa wa kwanza nimeandika jina la babu wa baba yangu, na mbele yake neno moja: askari. Wajukuu zangu watakaouliza alikuwa askari wa nani, nitawajibu.