Nani Alikifundisha Kisonono Kuishinda Dawa?

Muhula uliopita niliwauliza wanafunzi wangu: kwa nini kisonono, ugonjwa uliokuwa ukipona kwa sindano moja, leo kinawatia madaktari hofu? Walijibu kwa sauti moja kwamba kosa ni la wagonjwa wasiomaliza dozi. Sikushangaa, kwani hata mimi nililelewa na jibu hilo. Lakini nilipoirudia historia, niliona upungufu wake. Kwa miongo mingi kisonono kimetibiwa kwa dozi moja, mara nyingi mbele ya mhudumu. Aliyekwisha kuchomwa sindano hana dozi ya kukatiza.

Tuanze mwanzo. Katikati ya miaka ya 1930 zilipatikana dawa za salfa, na kwa mara ya kwanza vidonge vikaweza kukiponya kisonono. Furaha hiyo haikudumu. Kufikia katikati ya miaka ya 1940, sehemu kubwa ya vimelea ilikuwa imekwisha kuzizoea. Penisilini ndiyo iliyookoa jahazi, nayo ikaenea upesi kwa sababu majeshi yaliyokuwa vitani yaliihitaji. Mwaka 1945, alipopokea Tuzo ya Nobel, Alexander Fleming alionya kwamba matumizi hafifu ya penisilini yangevizoesha vimelea dawa hiyo. Onyo lilisikika, ila halikuzingatiwa. Kwa takriban miaka 30, kila penisilini ilipolegea, kipimo cha sindano kiliongezwa.

Mwaka 1976 kuongeza kipimo hakukutosha tena. Madaktari wa Uingereza na Marekani walikutana na kisonono chenye kimeng'enya kinachoivunja penisilini yenyewe. Nyayo zake zilielekea Afrika Magharibi na Asia ya Kusini-Mashariki, hasa Ufilipino, palipokuwa na kambi kubwa za jeshi la Marekani. Ni rahisi kuwanyooshea kidole wanawake waliotafuta riziki kando ya kambi hizo. Lakini si wao waliozijenga, wala si wao walioamua askari waende wapi.

Baada ya hapo hadithi ilijirudia. Tetrasaiklini ilishindwa. Siprofloksasini ikaondolewa katika mwongozo wa tiba ya kisonono nchini Marekani mwaka 2007. Mwaka 2009, huko Kyoto, Japani, kikapatikana kimelea kilichohimili seftriaksoni, sindano ambayo nchi nyingi huitegemea kama ngome ya mwisho. Kilipatikana kooni mwa mgonjwa.

Koo hilo lina fundisho. Humo huishi bakteria wasio na madhara, walio jamaa wa kisonono. Tunapomeza antibiotiki kwa ajili ya mafua, ambayo husababishwa na virusi na hayatibiwi kwa dawa hizo, bakteria hao huzoea kuzihimili. Kisonono kinapofika kooni huokota vipande vya vinasaba vyao na kuvifanya silaha yake. Kwa hiyo hata mtu mwadilifu kabisa, anayenunua vidonge dukani kila anapopiga chafya, huenda anachangia usugu wa ugonjwa anaowalaumu nao wengine.

Je, ipo njia nyingine? Ipo, na sehemu yake iliandikwa hapa kwetu. Kati ya 1991 na 1994, katika vijiji vya Mkoa wa Mwanza, watafiti waliimarisha tiba ya magonjwa ya zinaa katika vituo vya afya na zahanati za kawaida: watumishi walifundishwa, dawa zilifika bila kukatika, na wananchi wakahimizwa kutibiwa mapema. Maambukizi mapya ya VVU yalipungua kwa takriban asilimia 40 yakilinganishwa na jamii zisizopata huduma hiyo. Jaribio la Rakai, Uganda, ambako dawa ziligawiwa kwa umma wote kila baada ya miezi kadhaa, halikupunguza VVU. Wataalamu wamezijadili sana sababu za tofauti hiyo. Mimi nabaki na hili: kugawa dawa na kujenga huduma ni mambo mawili.

Lakini Mwanza pia ina upande wake dhaifu. Tiba ile ilifuata dalili, bila kusubiri maabara. Njia hiyo iliokoa wengi, ila huwaacha nje wanawake wengi wasioonyesha dalili, na haituambii ni dawa gani imeanza kushindwa. Asiyeotesha vimelea maabara hujua habari za usugu wakati mgonjwa anaporudi akilia.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria maambukizi mapya ya kisonono milioni 82 kwa mwaka 2020. Dawa mpya, zoliflodasini, imejaribiwa katika nchi tano, Afrika Kusini ikiwemo. Nafurahi, lakini salfa na penisilini nazo zilipokewa kwa furaha. Ndugu mtumishi wa umma, unapopanga bajeti, maabara ya wilaya isiwe ya kwanza kukatwa. Nanyi wanaharakati, ipigeni vita aibu inayomfanya kijana apite zahanati aende kununua dawa kwa siri. Wanafunzi wangu nao nawaachia swali jipya: mgonjwa akija leo, nani anaweza kumwambia kwa hakika dawa ipi itamponya?