Jinsi M-Pesa Ilivyopata Kazi Yake

Msomaji kijana, wewe umezaliwa ukakuta fedha zikitoka Nairobi na kufika huku kwetu Budalang'i kabla chai haijapoa, nawe huoni ajabu. Waulize wazee wako. Mwaka 2003, Mto Nzoia ulipobomoa matuta ya udongo yanayouzuia na maji yakaingia mashambani, mtu aliyetaka kumsaidia mama yake alitia noti katika bahasha, akampa dereva wa basi au jamaa aliyekuwa akisafiri; ama alikwenda posta kununua hawala. Bahasha nyingine hazikufika.

Usidhani kwamba walioibuni M-Pesa walianza kwa kuitazama bahasha hiyo. La. Nick Hughes na Susie Lonie, wa kampuni ya Vodafone ya Uingereza, waliwaza shida nyingine kabisa: jinsi wakopaji wadogo watakavyolipa mikopo yao kwa simu ya mkononi. Wakashirikiana na Safaricom, na Faulu Kenya iliyokuwa ikitoa mikopo hiyo, na Oktoba 2005 wakaanza jaribio Nairobi na Thika kwa wateja wasiotimia 500.

Mikopo ililipwa, lakini Faulu iliona hesabu zake zikizidi ugumu. Wakopaji nao wakafanya mambo yasiyokuwamo katika mpango. Msafiri aliweka fedha alipoanza safari, akazitoa alipofika. Mwenye biashara alizilaza humo usiku, kwa kuwa benki ilikwisha fungwa. Wengine walinunua muda wa maongezi, wakawapelekea jamaa zao mashambani uwe badala ya fedha. Fikiri juu ya hao wa mwisho: walikuwa na haja kubwa hata wakajitengenezea njia ya kichochoro.

Msimamizi mkaidi angeyaita hayo matumizi mabaya, akayapiga marufuku. Hawa waliyaandika, wakakiri kwamba shida waliyoidhania sio iliyowasumbua watu zaidi. Nami naona ushahidi wao ulikuwa bora kuliko majibu ya maswali. Maana mtu, akiulizwa na mgeni, aweza kukisifu chombo kwa adabu tu, lakini hatii fedha zake mahali asipopaamini.

Basi habari ya mikopo ikawekwa kando. Tarehe 6 Machi 2007 Safaricom ilifungua huduma ikitangaza jambo moja, kutuma fedha nyumbani, na kabla ya mwaka kwisha walioandikishwa walizidi 1,000,000.

Mwaka huo huo Nzoia ilivunja tena matuta, watu wakahamia makambini. Simu yaweza kuleta habari ya fedha hata pale, lakini noti zenyewe sharti ziwe kwa wakala, na mafuriko yakija wakala naye hufunga duka akakimbia. Shida hiyo haikuweza kuonekana Nairobi wala Thika.